Uzi: Simu inajua nini ukiwa angani, na nini haijui kabisa

Mwewe

Heshima kwenu wakuu.

Karibu kila mwezi napata ujumbe wa mtu aliyemaliza juzijuzi mafunzo ya paraglaida, lile bawa la kitambaa la kurukia bila injini. Swali ni lile lile: "Nina simu nzuri, nimeshaweka programu ya kurukia, kuna haja gani ya kununua vario, kile kifaa kinacholia kukwambia unapanda au unashuka?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, nusu nusu. Leo naweka yote hapa, na wenye uzoefu kunizidi, hasa wa hengiglaida (bawa lenye fremu ngumu, unaruka umelala chini yake), naomba mnisahihishe.

Msimamo wangu nautaja mapema. Simu ni ramani nzuri, ni daftari zuri la safari, na inawasaidia sana watu wa ardhini kujua uko wapi. Ila kwa kazi ya sikio, yaani kukwambia sekunde hii hewa inakubeba au inakushusha, simu peke yake nimeacha kuitegemea. Programu zenyewe hazina tatizo. XCTrack kwa wenye Android ni kazi safi, FlySkyHy kwa wenye iPhone vilevile, na XCSoar ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tatizo liko kwenye kile simu inachokipima, na mahali inapokaa wakati inapima.

Tuanze na mwili. Ukipanda lifti, tumbo linahisi pale inapoanza na pale inaposimama. Katikati hapo, hata kama inapanda kwa kasi, hausikii kitu. Mwili unahisi mabadiliko ya mwendo, mwendo wenyewe hauuhisi. Ndivyo ilivyo ndani ya themali, ile safu ya hewa yenye joto inayopanda: unasikia teke la kuingia, halafu kimya. Unaweza kuwa unapanda mita 2 kwa sekunde au unashuka mita 1, na bila alama ya karibu ya kulinganisha, macho nayo hayakusaidii. Ndiyo maana marubani wa glaida, Robert Kronfeld akiwa miongoni mwa wa kwanza, walianza kubeba vario tangu miaka ya mwisho ya 1920.

Vario inapima mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, kila mita 1 unayopanda mgandamizo unapungua kama paskali 12. Themali ya mita 1 kwa sekunde ni paskali 12 kila sekunde, kutoka kwenye jumla ya 101,325. Ni kitu kidogo sana, ila chipu ya kisasa inakiona. Vario nyingi maalumu zina chipu ya MS5611, inayotambua tofauti ya kimo ya sentimita 10. Simu nazo zilianza kupewa barometa, Galaxy Nexus ya 2011 ikiwa kati ya za mwanzo, iPhone ikafuata na iPhone 6 ya 2014. Lakini hazikuwekewa kwa ajili yetu. Kwenye iPhone, kwa mfano, inasaidia kuhesabu ghorofa ulizopanda. Kwa kazi hiyo kipimo kimoja kwa sekunde kinatosha, na ndicho programu inachopewa. Sasa paraglaida inakwenda mita 10 kwa sekunde. Mlio ukichelewa sekunde mbili, umeshapita mita 20, na themali changa za asubuhi zina upana usiozidi sana hapo.

Hayo ni ya kuchelewa. Kubwa zaidi ni upepo unaopiga simu yenyewe.

Hewa inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ikizuiwa na kitu, inaongeza mgandamizo wa kama paskali 61. Kwa lugha ya barometa hiyo ni mita 5 za kimo. Upepo ukiongezeka kutoka 10 hadi 12, zinaongezeka paskali 27 nyingine, sawa na mita 2 na ushei. Kwa hiyo kipuzi, yaani upepo wa ghafla, cha sekunde moja tu, kikiingia kwenye kitundu cha simu, kinaandikwa kama umeshuka mita 2 kwa sekunde. Kikiachia, simu inalia kwa furaha kwamba unapanda. Na wewe hujapanda wala hujashuka.

Hili lilinikuta. Ulikuwa msimu wangu wa pili, simu iko kwenye mfuko wa juu wa kokpiti (kibebeo cha vifaa kilicho mbele ya rubani), zipu iko nusu wazi ili nisikie spika. Ikalia pii-pii-pii, nikakata kona kulia. Mlio, kimya, mlio. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Kila nilipovuta breki kukaza kona, hewa ilipiga kokpiti kwa pembe nyingine, kitambaa cha mfuko kikatuna na kunywea, na simu ikaimba. Mzunguko wa nne nikatazama chini. Mti mkavu niliokuwa nao chini yangu tangu mwanzo, ambao matawi yake nilikuwa siyaoni, sasa nayaona moja moja. Nilipofungua rekodi jioni, nilikuta nimepoteza mita 90 nikizunguka ndani ya mfuko wangu mwenyewe. Nilitua kwenye kiwanja ambacho sikukipenda, na nilikuwa na bahati kwamba kilikuwepo.

Nawasilisha. Maswali yanakaribishwa.

---

Tiara

Shukrani sana mkuu Mwewe. Mimi ndiyo hao wa juzijuzi, nina safari 22 tu. Maswali mawili. La kwanza, nitajuaje simu yangu ina barometa? La pili, kama haina, si GPS inatoa kimo? Kwa nini isitumike hiyo?

---

Fundi Sensa

Dada Tiara, nijibu mimi, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kuna programu za bure zinazoorodhesha sensa zote za simu. Fungua, tafuta ya mgandamizo. Isipoonekana, haipo. Simu nyingi za bei ya chini hazina, hata zilizotoka mwaka huu.

Ikiwepo, usiishie kufurahi, ipime. Funga madirisha, zima feni, weka simu sakafuni, soma hektopaskali (1 ni paskali 100). Inyanyue juu ya kichwa taratibu. Umeipandisha kama mita 2, kwa hiyo unapaswa kuona imepungua 0.24 hivi. Rudisha chini, irudi pale pale. Kisha panda ngazi ghorofa moja: mita 3, pungufu 0.36. Sasa mwambie mtu afunge mlango wa chumba kwa nguvu huku ukiangalia namba. Itaruka. Hapo utaelewa kwa macho yako alichokuwa anasema Mwewe kuhusu kipuzi.

Jaribio la mwisho ni kubonyeza kioo kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo. Simu zilizozibwa dhidi ya maji zina hewa iliyofungiwa ndani, na kwenye baadhi yake ukibonyeza kioo unaibana, namba inapanda. Angani maana yake ni kwamba kila ukigusa ramani, vario inaweza kukudanganya.

Kuhusu GPS. Mahali palipo wazi, simu ya kawaida inajua ulipo kwa mlalo ndani ya kama mita 5. Kwa wima kosa ni kubwa zaidi, na sababu yake ni ya kimaumbile: setilaiti zote ziko juu yako. Kwa mlalo unazo za kushoto na za kulia zinazosahihishana. Kwa wima hakuna setilaiti ya kukupima kutoka chini, dunia imeziba. Kwa kimo chenyewe, kosa la mita 8 au 10 halikuui ukiwa kwenye mita 1,500. Lakini vario inataka tofauti ya sekunde moja na nyingine, na hapo mchezo wa mita kadhaa unameza themali nzima. Programu inalazimika kuchukua wastani wa sekunde nyingi, na ukichukua wastani unachelewa. Ndiyo bei yake.

Halafu kuna suala la kimo kinahesabiwa kutoka wapi. GPS inahesabu kutoka kwenye umbo laini la dunia la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari. Tofauti kati ya hayo mawili inafika mita 85 upande mmoja na zaidi ya mita 100 upande wa pili, kutegemea uko wapi duniani. Android kwa miaka mingi ilikuwa inatoa kile cha kihesabu, na programu ndiyo inayosahihisha. Ukiona simu inasema uwanja wa kutua uko mita 30 chini ya ulivyo kwenye ramani, usidhani imeharibika. Tafuta kwenye mipangilio.

---

Mzee wa Delta

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi ni wa hengiglaida tangu enzi za vario za vidonge: mirija miwili ya plastiki, kidonge chekundu na cha kijani, bomba linakwenda kwenye chupa ya chai iliyozibwa mdomo. Ukipanda, hewa ya ndani ya chupa inatoka na kunyanyua cha kijani. Ukishuka, ya nje inaingia na kunyanyua chekundu. Haikuwa na mlio, ilibidi uitazame huku unaruka. Kwa hiyo sidharau simu hata kidogo. Nabeba moja.

Lakini Mwewe amezungumzia paraglaida, ambayo kasi yake haibadiliki sana. Sisi tunalala kifudifudi, na tukitaka kasi tunavuta bomba la kuongozea. Nikitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, mgandamizo wa upepo unaopiga uso wa kifaa unatoka paskali 76 hadi 302. Ongezeko la 226. Kitundu cha simu kikiwa kimeelekea mbele, barometa inasoma hizo kama mita 19 za kushuka, na mimi sijashuka hata moja ya hizo.

Sasa geuza. Nikiwa na kilomita 80, nikisukuma bomba hadi 40, glaida inabadilisha mwendo kuwa kimo. Napanda kweli, na kihesabu ni mita 19 zile zile. Si sadfa, ni nishati moja inayobadilika sura. Vario inapiga kelele kwamba nimepata themali, kumbe nimetumia akiba yangu mwenyewe. Kijana asiyejua atageuka pale pale, bila kasi, na hapo ndipo hatari ilipo. Glaida za kiti, zile zenye umbo la ndege isiyo na injini, zilishalitatua kwa kuunganisha vario na mrija wa kupimia upepo wa mbele, ili mapandisho ya bomba yafutwe. Simu haiwezi, kwa sababu haijui kasi yako ndani ya hewa. Inajua kasi juu ya ardhi tu.

Hilo la kasi mbili lifundisheni kwa marefu. Nimeona watu wengi wanalichanganya.

---

Mwewe

Shikamoo mzee wangu, na asante. Sikuwahi kuuona mfano wa mita 19 ukielezwa wazi hivyo.

Nilichukue hapo hapo. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye kioo cha simu ni ya ardhi. Bawa langu linakwenda kilomita 38 kwa saa ndani ya hewa, likishuka mita 1.1 kwa sekunde. Hewa ikiwa tulivu, kila mita 1 ya kimo inanipa kama mita 9.6 za mbele. Nikiwa na mita 600 juu ya ardhi, nafika kilomita 5.7 na zaidi kidogo. Upepo wa mbele wa 20 ukiingia, kasi ya ardhi inabaki 18, na mita 600 zile zinanifikisha kilomita 2.7. Upepo huo huo ukiwa mgongoni ni zaidi ya kilomita 8.

Simu inaonyesha uwiano huu moja kwa moja, na ni kweli kabisa kwa dakika ile. Tatizo ni rubani anayesoma 14 akiwa na upepo mgongoni, akapanga safari ya kurudi kwa namba hiyo hiyo. Ukigeuka inakuwa 4 na nusu.

Ila hapa ndipo simu inanifurahisha. Ukizunguka miduara miwili mitatu, programu inaangalia kasi kubwa na ndogo. Ikiona 52 upande mmoja na 24 upande wa pili, inatoa: tofauti ni 28, nusu yake 14. Upepo ni 14, na kasi yako ya kweli ndani ya hewa ni 38. Mshale wa upepo unaouona kwenye XCTrack au XCSoar unatokana na hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kutua, mizunguko miwili kamili inakupa upepo wa mahali ulipo, kwenye kimo ulichopo. Chini yako unaweza kuwa mwingine, lakini ni mwanzo mzuri kuliko kubahatisha.

---

Bawa Jekundu

Wakuu, mimi naomba kupinga kidogo. Nimeruka miaka mitatu kwa simu tupu, Android yenye barometa, sijapotea wala kuumia. Naweka simu kwenye mfuko wenye povu juu ya paja, mlio unakwenda kwenye kofia kwa kipaza sauti cha sikioni. Themali nazipata. Tunawatisha wageni wanunue vitu wasivyovihitaji.

---

Fundi Sensa

Bawa Jekundu, wala hupingani na sisi sana. Ulichofanya ndicho kinachopaswa kufanywa na mwenye simu tupu: umeikinga na upepo kwa povu, ambalo linapitisha mgandamizo polepole na kukata vipuzi, na mlio umeuleta sikioni. Wengi hawafanyi hata moja. Spika ya simu ndani ya kelele ya upepo haisikiki, na mtu anajikuta anaangalia kioo badala ya anga. Hapo ndipo watu wanapogongana.

Ila jaribu hili mara moja tu: azima vario ndogo ya kuunganisha kwa bluetooth, kama XC Tracer au BlueFlyVario. Zinatuma kimo kwenye programu ile ile unayoitumia. XC Tracer inachanganya barometa na sensa za mwendo, kwa hiyo inahisi teke lenyewe bila kusubiri mgandamizo ubadilike. Ruka nayo siku moja, simu yako ikirekodi pembeni kwa barometa yake. Linganisha mistari miwili jioni. Ukiona hakuna tofauti, rudi hapa utuambie, nitakuamini.

---

Tiara

Na mimi ninayo ya moto. Wiki iliyopita nikiwa nimesimama tu kusubiri zamu ya kuruka, kioo kilififia hadi nikawa sioni kitu, halafu simu ikaandika inahitaji kupoa. Hata sijaruka.

---

Mwewe

Hiyo ni ya kawaida sana, dada. Watengenezaji wengi wanaandika kwamba simu itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Jua la moja kwa moja, mwanga wa kioo juu kabisa, GPS inafanya kazi, chaji inaingia: vyote vinaongeza joto ndani, na simu inajikinga kwa kufifisha kioo. Yaani inakunyima ramani wakati unaihitaji zaidi. Ukisubiri kuruka, ifunike kwa kofia au ifiche kivulini. Usiichaji juani. Kifuniko cheusi cha mpira kivue.

Juu ni kinyume chake. Kwa wastani joto linapungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000, na ukiongeza upepo wa kilomita 38 masaa mawili, betri inanyong'onyea. Yangu imewahi kuzima ikisoma asilimia 31. Ilipopata joto mfukoni ikawaka tena. Tangu hapo nina pawabenki ndani ya hanesi, karibu na mwili.

Na waya wa hiyo pawabenki ndiyo kitu ninachotaka kila mtu akitazame leo kabla ya kulala. Wengi tuna mwavuli wa akiba mbele, chini ya kokpiti. Waya wa chaji, kamba ya kufungia simu, na kamba ya vario vinapita pale pale. Vaa hanesi, ninginia, shika mshikio wa mwavuli wa akiba kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, vuta hadi pini zitoke. Mtu mwingine akutazame. Waya ukikaza popote, upitishe kwingine. Simu nayo lazima ifungwe, maana inayoanguka kutoka mita 500 inaweza kumuua mtu. Lakini kamba iwe fupi, isifike kwenye nyuzi za bawa.

Mengine kwa haraka. Zima uboreshaji wa betri kwa programu ya kurukia, la sivyo simu itaiua katikati ya safari na rekodi itakatika. Weka "Usinisumbue", kwa sababu simu ikipigwa jina la mpigaji linafunika ramani. Miwani ya jua yenye polaroidi ijaribu ardhini: kwenye baadhi ya simu, ukigeuza kioo kulala, kinakuwa cheusi tii. Na pakua ramani na faili la maeneo ya anga yaliyozuiwa ukiwa na mtandao, usitegemee kulipata ukiwa juu.

---

Kozi

Mkuu, hilo la maeneo yaliyozuiwa. Mpaka ukiandikwa "FL 95", simu inalinganisha na kimo kipi? Mimi huwa naangalia kimo cha GPS.

---

Fundi Sensa

Swali zuri kuliko yote hapa. FL 95 ni futi 9,500, yaani mita 2,896, lakini hazihesabiwi kutoka baharini. Zinahesabiwa kwa altimita (kipima kimo cha barometa) iliyowekwa hektopaskali 1013.25, haidhuru mgandamizo wa siku hiyo ni upi. Siku ambayo usawa wa bahari una 1003, mpaka huo unashuka kwa hektopaskali 10, kama mita 83. Anayetazama GPS atadhani amebakiza mita 50, kumbe ameshaingia kwenye njia ya ndege. Programu nzuri inajua kutofautisha vimo hivyo viwili, mradi simu ina barometa au imepewa kimo na vario ya nje. Kama haina, acha nafasi kubwa, mita 150 au 200.

Na usisahau kwamba ndege hizo hazikuoni. Simu ikiwa peke yake haitangazi chochote kwenye redio ya FLARM wala FANET, mifumo ya vyombo vya angani kuonana. Ufuatiliaji wa moja kwa moja unapita kwenye mtandao wa simu, na mtandao ukikatika bondeni, nukta yako inasimama pale pale ulipoonekana mwisho.

---

Mzee wa Delta

Hapo kwenye nukta niongeze jambo lililonikuta katika kumtafuta mtu.

Faili la safari tunalotunza linaitwa IGC, na ni maandishi matupu, unaweza kulifungua na kulisoma. Mstari mmoja unakuwa hivi:

B1101355206343N00006198WA0058700558

Saa 11:01:35 kwa saa ya dunia, UTC. Latitudo nyuzi 52, dakika 06.343 kaskazini. Longitudo nyuzi 0, dakika 06.198 magharibi. Herufi A ni kwamba setilaiti zilitosha kutoa kimo. Mita 587 ni kimo cha barometa kwa 1013.25, mita 558 ni cha GPS. Simu isiyo na barometa kwa kawaida inaandika 00000 pale kwenye nafasi ya kwanza.

Angalieni hizo dakika. Siku ile mwenzetu alikuwa ametua vibaya, mguu umevunjika, lakini ana fahamu. Alisoma namba kwenye kioo chake na kutupa kwa redio: nyuzi, kisha "sifuri sita nukta tatu nne tatu" kwa mtindo huo. Sisi tukaziingiza kwenye simu nyingine kana kwamba ni nyuzi zenye desimali, yaani badala ya dakika 06.343 tukaandika nukta 06343. Kwa mfano wa mstari huo hapo juu, kosa hilo ni kilomita 4.7 kwa latitudo peke yake. Dakika 6.343 ukigawa kwa 60 unapata 0.1057, si 0.0634. Tulikwenda bonde lisilo lake. Tulimpata jua linazama, akiwa anatetemeka.

Tangu siku ile kundi letu lote limeweka muundo mmoja kwenye simu zote, na namba zinatumwa kwa ujumbe wa maandishi, hazisomwi kwa mdomo kama kuna njia nyingine.

---

Tiara

Mzee wangu, pole sana, na asante kwa kutuwekea hilo. Swali la mwisho nawaahidi. Je, kuna programu inayoweza kunionya kwamba wingu lililo juu yangu linanivuta?

---

Mwewe

Hapana. Na naomba hili ulisome taratibu.

Tarehe 14 Februari 2007, huko Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska alinyonywa na wingu la radi akiwa anajiandaa kwa mashindano ya dunia ya paraglaida. Alifikishwa mita 9,946, juu kuliko kilele cha Everest, akapoteza fahamu, barafu ikamfunika, kisha akazinduka akiwa anashuka na akatua hai. Siku hiyo hiyo rubani wa China, He Zhongpin, alivutwa na wingu na akafa. Tunajua namba ya 9,946 kwa sababu kifaa cha Ewa kiliendelea kuandika muda wote huo. Kilifanya kazi yake bila kukosea.

Ndani ya wingu vario inalia mlio ule ule wa furaha unaoupenda kwenye themali, kwa kasi zaidi tu. Haina mlio wa wingu. Ninachofanya mimi: nikiona kupanda kunaongezeka kadiri ninavyokaribia wingu, badala ya kupungua, naondoka nikiwa bado na nafasi, kuelekea ukingo ulio karibu. Wingu likiwa limerefuka kwenda juu kuliko upana wake, sisubiri hata hilo.

---

Bawa Jekundu

Nimerudi. Nimeazima vario ya bluetooth kwa mtu, nimeruka nayo saa 1 na dakika 50, simu ikirekodi pembeni kwenye povu lake kama Fundi alivyoagiza.

Themali kubwa, mistari inafanana, simu inachelewa kama sekunde 2. Hilo nililitegemea. Kilichonishtua ni kwenye themali dogodogo za mwanzo, chini ya mita 1 kwa sekunde. Nimehesabu saba kwenye mstari wa vario. Kwenye mstari wa simu zinaonekana tatu. Zile nne nimezipita kwa miaka mitatu bila kujua zipo. Povu sitalitoa, simu inabaki kuwa ramani. Mwenye vario nimeshamwuliza kama anaiuza.

---

Tiara

Nimefanya jaribio la ngazi. Sakafuni 1009.41, juu ya kichwa 1009.17. Ghorofa moja juu, bado nimeinyanyua, 1008.81. Mlango ukafungwa kwa nguvu, ikaruka hadi 1009.30 na kurudi. Nikabonyeza kioo kwa kidole gumba, ikapanda 0.4.

Kesho naninginia kwenye hanesi na kaka yangu atatazama ule waya.